Abu ya duara, Curado ya kijani au DC: uchukue rili gani?

Juzi jamaa yangu wa Dar kanipigia simu, kapata mtu anauza rili mbili za kurushia, moja Abu Garcia ya duara ya kizamani kabisa imepauka rangi, nyingine ya bapa ya kisasa bado iko kwenye boksi, na bei eti hazipishani sana, sasa anataka nimwambie achukue ipi kabla simu haijakata. Nikamwambia kaka hilo sio swali la dakika mbili. Nikakaa kuandika, na hiki hapa ndo nilichomwandikia, nimekiongeza nyama kidogo maana najua mko wengi mmekwama hapohapo.

Kwa ambaye hajawahi kushika hizi rili: naongelea baitikasta, zile zinazokaa juu ya fimbo, spuli, yaani ile roli inayobeba nailoni, imelala kwa ubavu. Sio spiningi ambazo wengi tumeanza nazo. Tofauti kubwa ni kwamba kwenye spiningi spuli imetulia haizunguki na nailoni inajivua yenyewe, ila kwenye baitikasta ukirusha chambo spuli yenyewe inazunguka, tena inazunguka kwa kasi ya ajabu, na chambo kikianza kupunguza mwendo hewani huku spuli bado ina mzuka wake, nailoni inatoka nyingi kuliko inayoondoka, inajikunja, inajisokota, unabaki na kitu ambacho sisi tunakiita kachumbari. Kachumbari ya kwanza unaicheka, ya tano unataka kutupa rili ziwani. Historia yote ya hizi rili, kuanzia miaka ya 50 mpaka leo, ni historia ya watu wanaopambana na kachumbari.

Kuna kitu kimoja huwa kinanifurahisha. Abu ya Sweden ilianzishwa 1921 pale Svängsta, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa saa, alafu wakatengeneza na mita za teksi. Shimano ya Japani nayo ilianzishwa 1921, mji wa Sakai, kazi ya kwanza friwili za baiskeli, ndo maana ukiangalia baiskeli za giya hapa mtaani utakuta jina lao. Yaani mtengeneza saa na mtengeneza friwili, mwaka mmoja, na mpaka leo ukifungua rili zao unaiona hiyo asili. Nitarudi hapo kwenye matunzo, maana ina maana kubwa kuliko inavyoonekana.

Tunapima nini

Nitalinganisha vizazi vitatu, na vyote nitavipima kwa vitu vilevile. Kwanza uzito wa chambo unachoweza kurusha bila kuteseka. Pili breki, maana yake nani anazuia kachumbari, wewe kwa kidole gumba au rili yenyewe. Tatu kuvuta, hapo kuna giya na dragi, ile breki inayoachia nailoni kidogokidogo samaki akivuta kwa nguvu. Nne matunzo na spea. Tano bei, ambayo nitaipitia haraka sababu bei za mtumba zinapanda na kushuka kama nyanya.

Vizazi vyenyewe: cha kwanza ni Abu Ambassadeur za duara, tuseme 5500C na 6500C za miaka ya 70 na 80. Cha pili ni za bapa za miaka ya 90 kuja 2000 na kitu, mfano wangu ni Shimano Curado, zile za kijani. Cha tatu ni za sasa hivi, kuanzia za kawaida mpaka zenye breki ya kielektroniki ambayo Shimano wanaiita DC. Kuna Daiwa, kuna Lew's, kuna Quantum, sijazisahau, ila nikianza kutaja kila moja tutalala hapa.

Za duara: Ambassadeur

Ambassadeur ya kwanza, ile 5000 nyekundu, ilitoka mwaka 1952, na kwa muda mrefu ukisema rili nzuri ya kurushia watu walikuwa wanaelewa hiyo. Zilikuwa zinakuja na kimfuko cha ngozi, ndani kuna kispana kidogo na kichupa cha oili, sasa fikiria mtu anauza rili na anakupa spana, anakwambia waziwazi kwamba hii utaifungua mwenyewe.

Kwenye kurusha, spuli yake ni nzito. Kitu kizito kinaanza kuzunguka kwa shida na kinasimama kwa shida, ni kama mkokoteni wa madumu ya maji, ukishashika mwendo kwenye mteremko unajua mwenyewe. Kwa hiyo chambo cha gramu 20, 30, 40 kinaenda safi na kinaenda mbali, spuli ikishapata kasi haichoki mapema. Chambo cha gramu 7 sahau. Utajipinda, utarusha kwa hasira, kitadondoka mita kumi mbele yako na kachumbari juu. Kwangu mimi chini ya gramu 15 sihangaiki nayo. Alafu kuna kile kijiti kinachopita kushoto kulia kupanga nailoni, kwenye hizi Abu kinatembea hata wakati chambo kiko hewani, wengine wanasema inakula umbali kidogo, sawa, ila faida yake ni kwamba nailoni haikunjwi kwa pembe kali pale kwenye tundu sababu tundu linaifuata spuli.

Breki zake ni za aina ya kutupwa nje. Ndani kuna vipande viwili vidogo vya plastiki vimechomekwa kwenye kipini, spuli ikizunguka vinasukumwa nje vinasugua ukingo wa chuma, kasi ikiwa kubwa vinasugua sana, kasi ikipungua vinaachia. Basi. Ukitaka kubadilisha unafungua rili, unatoa kimoja au unaweka kikubwa zaidi. Hiyo sio kazi ya kufanya kwenye mtumbwi unaoyumba, nimeshaangusha kimoja kikapita katikati ya mbao za chini na mpaka leo kiko huko. Kwa hiyo kiukweli breki ya Abu ni kidole chako gumba. Unakiegesha juu ya nailoni, unahisi spuli inavyotaka kukuzidi, unagusa, unaachia, unagusa, na chambo kikikaribia maji unabana. Hakuna mtu anaweza kukufundisha kwa maneno. Mimi ilinichukua kama miezi miwili ya Jumamosi mpaka nikaacha kuangalia rili wakati narusha.

Sema kuna faida iliyojificha humo. Mtu aliyejifunza kwenye hizi ukimpa rili yoyote duniani anarusha. Kinyume chake sio kweli.

Kwenye kuvuta, giya zake ni za taratibu, 5500C ni 4.7:1, yaani ukizungusha mkono mara moja spuli inazunguka mara nne na kitu, na hizi C3 zilizokuja baadaye ni 5.3:1. Kwa hesabu ya haraka, 4.7:1 spuli ikiwa imejaa ni kama nusu mita ya nailoni na kidogo kwa mzunguko mmoja. Hii ukiwa unavuta chambo kinachozama na kutikisika sana ni tamu maana mkono hauchoki, giya ya taratibu ina nguvu, ni kama kupanda mlima na giya nyepesi ya baiskeli. Ila sangara akiamua kukukimbilia wewe badala ya kukukimbia, utazungusha mpaka bega liume na nailoni bado imelegea. Dragi za zamani zina washa za faiba au ngozi, zinakamata alafu zinaachia kwa kushtuka, ila unaweza kununua washa za kaboni ukabadilisha na inakuwa rili nyingine kabisa, kwangu hiyo ni hela ya kwanza kutumia ukishanunua. Pia mkono unarudi nyuma kidogo kabla ya kukamata, kile kichezo cha ta-ta, wengine kinawaudhi, mimi nimeshazoea.

Na zinabeba nailoni. 6500C3 inaingiza mita 200 na ushee za nailoni ya paundi 14, hizo paundi ni uzito inaouhimili kabla ya kukatika. Kwa mtu anayeburuza chambo nyuma ya boti Ziwa Victoria hilo ni jambo zito, samaki mkubwa akichukua mita 80 bado una akiba.

Haya, matunzo. Hapa ndo mtengeneza saa anapoonekana. Skrubu tatu unafungua kwa vidole, ubavu unatoka, spuli inatoka, unaona kila kitu. Niliwahi kuwa na moja imekwama, nikampelekea fundi saa pale Makoroboi, Mwanza, mzee hajawahi kuona rili ya samaki maishani mwake, kaigeuza mara mbili, kavaa ile lenzi yake ya jicho, nusu saa baadaye inazunguka kama feni. Akaniuliza hii saa inapima nini. Oili nayotumia kwenye beringi ni ya cherehani, nyepesi, kitone kimoja tu kila upande, na grisi kidogo kwenye giya. Spea nazo zinaingiliana miaka na miaka, kipande cha rili ya 1978 unaweza kukikuta kwenye rili iliyotengenezwa miaka ishirini baadaye. Tena kujua umri wa hizi Abu za zamani ni rahisi, geuza uangalie chini ya mguu wake, kuna namba, mbili za mwanzo ni mwaka na mbili zinazofuata ni mwezi. Ukiona 7806 mwanzoni, hiyo ni Juni 1978. Rili ina umri kuliko wengi mnaosoma hapa.

Uzito wake sasa. 6500 ni kama gramu 300. Saa tatu za kurusha mfululizo na kiganja hakiifuniki vizuri maana imesimama juu, mkono utakwambia.

Bei ya mtumba huko nje ni kati ya dola 50 na 100 ikiwa nzima, zile nyekundu za mwanzo ni za wakusanyaji, usiingie huko.

Inamfaa nani? Anayeburuza kwa boti, anayerusha chambo kizito, anayeishi mbali na duka lolote la vifaa, na mtu anayependa kufungua vitu. Haimfai mwenye haraka ya kujua.

Za bapa za miaka ya 90: Curado za kijani na ndugu zake

Miaka ya 70 Wamarekani wa Lew's walileta Speed Spool, rili iliyolala chini badala ya kusimama, na waliowatengenezea ni haohao Shimano. Wazo lilikuwa la mkono tu, iingie kwenye kiganja. Ikachukua muda, ila kufika miaka ya 90 Curado zikawa ndo rili za kazi za watu wanaovua bass, samaki wa ziwani na mtoni, kule Marekani, na zile za kijani mpaka leo kuna watu hawaziuzi. Rafiki yangu yuko Texas miaka mingi sasa, ndo aliyenitumia ya kwangu ndani ya boksi la viatu, anasema huko mzee akifa watoto wanagombania Curado kabla ya gari. Anatania, nadhani.

Kurusha: spuli nyepesi kuliko ya Abu, gramu 10 inarusha bila ugomvi, gramu 14 mpaka 25 hapo ndo nyumbani kwake. Kile kijiti cha kupanga nailoni kinasimama wakati wa kurusha, kwa hiyo spuli iko huru zaidi, ila kama umeunga nailoni mbili kwa fundo kubwa utalisikia linagonga.

Breki bado ni zile za kutupwa nje, ila badala ya viwili kuna vipande sita vimekaa kwenye duara, na kila kimoja unakiwasha au kukizima kwa kukisukuma kwa ukucha. Unaanza na vinne vimewashwa, ukizoea viwili, siku ya upepo unarudisha. Unafungua ubavu bila bisibisi, sekunde kumi, hata kwenye mtumbwi. Hii kwangu ndo hatua kubwa kuliko zote za historia ya hizi rili, kubwa hata kuliko kompyuta, sababu kwa mara ya kwanza rili na kidole vikagawana kazi nusu kwa nusu. Bado unahitaji kidole, ila makosa madogo unasamehewa. Wenzao wa Daiwa walienda njia ya sumaku. Sumaku haigusi spuli, ila spuli ya alumini ikizunguka karibu yake inajitengenezea umeme mdogo ndani yake na huo umeme unapinga mzunguko. Unazungusha kidude cha nje, 1 mpaka 10, bila kufungua kitu. Ni rahisi kweli, sema sumaku za kawaida zinaendelea kushika mpaka mwisho wa mrusho, umbali unapungua.

Kuvuta: giya nyingi ziko karibu na 6:1. Mkono haurudi nyuma tena, kuna beringi ya upande mmoja inakamata papo hapo, ukimchoma samaki ndoano anaisikia muda huohuo. Ila hiyo beringi haitaki grisi. Mimi nilijifanya fundi, nikaipaka grisi nzito ya baiskeli, wiki iliyofuata nina sangara mzuri kwenye nailoni na mkono unazunguka kinyumenyume unanipiga vidole. Samaki kaondoka na chambo. Kosa langu, sio la rili, kitone cha oili nyepesi kinatosha au usipake kabisa.

Matunzo na spea ndo eneo lake la wasiwasi. Zenyewe ni ngumu, bodi ni alumini, unazifungua bila kulia, lakini ni za zamani kiasi kwamba spea za kiwandani zimepungua na sio za zamani kiasi cha kuwa na ule umoja wa spea kama Abu. Curado imetoka kwa herufi herufi, B, D, E, G, I, K, na usidhani spuli ya moja itaingia kwenye nyingine. Watu wenye akili wananunua mbili, moja ya kutumia moja ya kung'oa vipande.

Uzito gramu 250 hivi. Bei, ikiwa safi, mara nyingi inapita hata ya Abu, na ya kijani nzuri inaweza kukaribia bei ya rili mpya ya kawaida, jambo ambalo linawashangaza wengi.

Inamfaa mtu aliyeshapita hatua ya mwanzo, anarusha chambo cha kati kutwa nzima, na anataka kitu kimoja kinachofanya karibu kila kitu. Naivasha kwa mfano. Kule Kenya waliingiza bass wa mdomo mkubwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa hiyo ukisimama pale pembeni ya mafunjo na Curado mkononi, unavua samaki yuleyule ambaye rili ilitengenezwa kwa ajili yake.

Za sasa: nyepesi, za kasi, na za kompyuta

Hapa kuna makundi mawili ndani ya moja. Kuna mpya za kawaida, breki za kutupwa nje zilizoboreshwa au sumaku, alafu kuna DC.

DC imekuwepo tangu 2003 kwenye Calcutta Conquest DC, ila ilikuwa ya wenye hela. Mwaka 2018 ikaja Curado DC, alafu 2020 SLX DC, hapo ndo sisi wengine tukaanza kuangalia. Inavyofanya kazi ni hivi: spuli ina sumaku, ubavuni kuna koili, spuli ikizunguka inafua umeme wake yenyewe, hakuna betri, na huo umeme unawasha kikompyuta kinachosoma kasi ya spuli kila sehemu ya elfu ya sekunde na kuamua kiasi cha breki. Ukirusha inalia wiiiiii, mara ya kwanza kuisikia nilidhani nimeharibu kitu. Kwenye Curado DC unachagua namba nne tu kwa nje, ndogo unatafuta umbali, kubwa ya upepo mkali au kurusha kwa kuserereka chini ya miti.

Kurusha: mpya za kawaida gramu 7 hadi 10 ni kawaida, na kuna ndogo maalum zenye spuli za karatasi, namaanisha nyepesi kama karatasi, zinazorusha gramu 3 mpaka 5, kazi ambayo zamani ilikuwa ya spiningi peke yake. DC uzuri wake unauona mchana, pale upepo wa ziwani unapoamka na kukupiga usoni. Abu hapo nafunga duka. DC naweka namba 4, chambo kinaenda, hakiendi mbali sana, lakini kinaenda na nailoni inabaki imenyooka. Ila jamani isiwadanganye, kachumbari bado ipo. Kidole lazima kibane chambo kikigusa maji, na kile kidude cha pembeni cha kukaza spuli lazima ukiweke sawa kila ukibadilisha chambo. Nimemwona kijana na DC mpya katengeneza kachumbari ya kupigia picha sababu alidhani kompyuta itamfanyia vyote.

Na kuna swali la haki la kuuliza, je anayeanzia hapa atajifunza? Kwa maoni yangu atajifunza taratibu zaidi, ila hatakata tamaa, na wengi wanaoacha baitikasta wanaacha wiki ya pili. Kwa hiyo sijui kama kumwambia mtu ateseke kwanza na Abu ni ushauri au ni roho mbaya ya sisi tulioteseka.

Kuvuta: chagua mwenyewe, 6.2, 7.4, 8.5, zote zipo. Kwenye 7.4:1 na spuli ya milimita 34 unavuta karibu sentimita 80 kwa mzunguko mmoja, linganisha na ile nusu mita ya Abu. Kwa samaki anayekukimbilia au chambo cha juu ya maji unachotaka kukitoa haraka urushe tena, ni raha tupu. Ukiwa unaburuza chambo kizito chenye kutikisika sana na 8:1 utajuta, kila mzunguko ni kama kuinua ndoo. Dragi ni za kaboni, laini, saizi ya 200 inafika kilo 5 hivi. Nailoni zinabeba chache, karibu mita 100 za paundi 14, kwa hiyo wengi wanaweka nyuzi za kusuka ambazo ni nyembamba, na hilo linatatua.

Matunzo: usafi wa nje ni rahisi, unasuuza, unafuta, unatia oili sehemu mbili tatu. Ndani ni habari nyingine. Beringi ndogondogo nyingi, springi zinazoruka ukifungua vibaya, na ule ubavu wa DC umefungwa, ukifa haufunguliwi, unabadilishwa wote. Fundi saa wangu nilimwonyesha, akaitazama, akanirudishia akaniambia hii mpelekee fundi simu. Fundi simu akacheka. Kwa mtu wa Nairobi au Dar mwenye ndugu nje sio tatizo sana, kwa mtu wa kisiwani Ukerewe hiyo ni rili ya kutumia mpaka ikome. Na kama unavua bahari, chumvi haimsamehi yeyote, suuza kwa maji yasiyo na chumvi, polepole, siku hiyohiyo, usiipige kwa presha ya mpira maana unasukuma chumvi ndani ya beringi. Hii ni kwa vizazi vyote, ila hizi zinaumia mapema.

Uzito, Curado K ni gramu 215, na kuna zinazoshuka mpaka chini ya 160. Ukirusha mara mia tatu kwa siku utazishukuru.

Bei, mpya ya kawaida nzuri kama dola 100, DC ya chini inazungukia 200, alafu ongeza usafiri na forodha, hapo ndo watu wanapoumia.

Zinamfaa anayeanza na hana subira, anayevua na upepo, anayerusha chambo chepesi, na mwenye njia ya uhakika ya kupata spea au hela ya kununua nyingine.

Ukinunua mtumba, angalia haya kabla ya kutoa hela

Bonyeza kitufe uachie spuli, ipige kwa kidole, izunguke kimyakimya. Ikikwaruza ni beringi, sio mwisho wa dunia, punguza bei. Zungusha mkono huku umekaza ile nyota ya dragi mpaka mwisho, ukisikia kusaga kama mchanga ni giya, hapo ondoka. Angalia kijiti cha kupanga nailoni kinafika pande zote mbili na kinarudi bila kusita. Na angalia namba ya mwisho, 5501 au 201 ni za kuzungushia kwa mkono wa kushoto, nimemwona mtu kaagiza kutoka nje ikafika haimfai.

Kwa hali yako

Kama uko Mwanza, Musoma, Bukoba na kazi yako ni kuburuza chambo kikubwa cha sangara, au unaenda Rubondo mara moja moja na boti, chukua Abu 6500 na ubadilishe washa za dragi. Mambo ya kasi hutayahitaji, nailoni nyingi utaihitaji.

Kama unarusha kutoka kwenye mawe, chambo cha kati, asubuhi mpaka saa nne upepo haujaamka, kizazi cha pili kitakutosha na kubaki. Ukipata ya kijani safi kwa bei ya akili usiniulize hata, ila ukiona imefika bei ya rili mpya, chukua mpya ya kawaida isiyo DC.

Kama hujawahi kabisa kurusha baitikasta na hujui kama utaipenda, kuna njia mbili na zote ni halali. Una hela na huna muda, DC. Una muda na huna hela, Abu 5500, uwanja wa mpira jioni, kizito cha risasi cha gramu 25 bila ndoano, na kikopo cha rangi kama shabaha.

Kama unavua bass wadogo au unarusha chambo cha gramu 5, kizazi cha kwanza kifute kwenye orodha.

Kama uko pwani na unataka rili moja ya bahari, hapa mimi na marafiki zangu hatukubaliani. Wao wanasema mpya, zina beringi zilizokingwa. Mimi nasema Abu, sababu naweza kuifungua usiku uleule mezani nikaifuta kila kipande kwa kitambaa, na asubuhi naijua ikoje ndani.

Na yule jamaa wa Dar? Nilimuuliza swali moja, chambo chako kizito kiasi gani. Akasema hajawahi kupima. Nikamwambia nenda kwa muuza dagaa au muuza viungo akupimie kwenye mzani wake mdogo, alafu unipigie.